Unyaufu wa Nuru

Ghala letu la Kitangari mwezi wa Juni ni tupu.
Korosho za msimu zilishakwenda na meli.
Sakafuni yamebaki maganda, panya wawili,
na mizani yangu imefunikwa gunia
kama maiti anayengoja ndugu wa mbali.

Ndipo Tekla Namtunga akaja kuomba ufunguo.
Binti wa fundi baiskeli, tulimsahau
tangu alipokwenda kusomea nyota,
na wako waliodhani kusomea nyota
ni kupiga ramli, kutaja mwizi wa mbuzi.

Watu walikuja. Si kwa ajili ya sayari:
umeme ulikuwepo,
na baridi ya uwandani humpeleka mtu popote penye watu.
Walikuja na salfa bado kwenye mashati,
wanapiga chafya, wanaulizana bei.

Akawasha globu moja juu ya kreti ya soda.
Akatunga korosho ghafi kwenye uzi.
Simu yake akaisimamisha mbele, ihesabu nuru:
mia. Mia. Mia.
Korosho ikapita polepole mbele ya globu.
Tisini na tisa.
Ikapita. Mia.

"Nyota iko mbali," akasema, "sayari yake hatuioni.
Tunachokiona ni upungufu."

Kimya. Halafu Chilumba dalali, kutoka mlangoni:
"Nani kapiga kangomba hapo?"
Ghala likacheka hadi mabati yakaitika.

Mimi sikucheka.
Upungufu ndio ugali wangu.
Sisi tunauita unyaufu.
Miaka kumi na tisa naandika:
gunia limeingia na themanini, limetoka na sabini na tisa,
na mkulima ananitazama machoni
akiitafuta humo kilo yake.
Nimejibu, jua.
Nimejibu, ghala lina joto.
Mara mbili nimejibu uongo.

Sasa huyu binti anasema, usimkamate karani haraka.
Pima tena. Pima kesho, keshokutwa, mtondo.
Ikipungua mara moja, labda ni wingu,
labda chombo chako chenyewe kina kutu.
Ikipungua tena kiasi kilekile,
kwa siku zilezile, kama mwenye nyumba anayefuata kodi,
basi pale kuna kitu kinazunguka,
kina mwaka wake,
pengine kina asubuhi.

Akatutoa nje. Akaonyesha kusini, upande wa Ruvuma,
nyota mbili zilizokaa karibu karibu.
"Ya kushoto, ile kali, ndiyo Rijili Kantori. Jirani.
Nuru mnayoiona leo iliondoka kule
miaka minne iliyopita, na ushei."
Tukahesabu kwa vidole:
msimu ule malipo yalipochelewa,
tukala makopa hadi Machi.
Mtu nyuma yangu akanong'ona,
"Basi na hela yangu bado iko njiani."

Somoe Likanga, muuza maji ya ndoo, aliuliza moja tu:
"Huko wana maji?"
Tekla akakawia. Nilimpenda kwa kukawia kule.
"Hatujui, mama. Ndicho tunachokitafuta."
"Hata sisi," akasema Somoe,
na kicheko cha safari hii kilikuwa na kiu ndani yake.

Wakatawanyika. Wengine hawakuamini,
nao walisema hivyo kwa sauti, njia nzima.
Nikarudi kufunga.

Mtoto mmoja alikuwa bado mle ndani.
Simu haipo, Tekla hayupo,
yeye anaipitisha korosho mbele ya globu
na kuhesabu kwa mdomo:
mia, mia, tisini na tisa.
Akakosea, akaanza upya.

Ufunguo ulikuwa mkononi, baridi.
Nilisogea kando ya mlango
nisije nikamzibia.